Mbele Hamsini, Nyuma Themanini

Kwa fundi Twalib, Kingorani, yametundikwa ukutani,
meusi, mapana ubavu kama sinia za arusi.
Nayazunguka kama mnunuzi wa mbuzi mkesha wa Idi:
nabonyeza, nagonga kwa ukucha, nategea sikio.
Kaboni hujibu ko, ko,
kama dafu linalotaka kuwa nazi.

Kilomita mia na themanini,
nikiwa nimetoka majini, bado maji yamo masikioni,
na mbele yangu mbio za miguu ambazo leo sizitaji.
Nyali mpaka kupita Matsangoni. Geuka. Rudi.

Burhan, mwenye mali, amekuja na karatasi:
themanini mbele, themanini nyuma, unaokoa dakika sita,
wamepima huko Ulaya, katika chumba cha upepo.
Chumba hicho, nikamuuliza, kina lori la saruji
linalokuvuta kwanza, halafu likakusukuma?
Akakunja karatasi.

Mama, Kaloleni, alipouliza bei
nilimtajia ya gurudumu moja. La pili nikalimeza.
Akanyamaza kitambo, kisha:
"Na halina hata injini."

Jumapili nikayajaribu, daraja la Nyali,
kabla jua halijapanda,
kilo hamsini na nane, pamoja na mahamri mawili.
Siongopi, yalinibeba.
Yana sauti yake, vuuu, ya kitu kinachopasuliwa taratibu,
nikajiona mtu, nikainamisha kichwa.
Katikati ya daraja upepo ukaja kutoka baharini, bila hodi,
ukaukamata usukani
kama mtoto anayevuta buibui la mamake
akiona mabuyu.
Hatua mbili nzima, hadi njia ya magari.
Mwenye tuktuk akanitukana mimi na ukoo wangu,
na haki alikuwa nayo.

Fundi Twalib hakucheka. Yeye akishika spana
maneno humtoka kwa mizani, hata ya pancha:

"Mbele pana usukani, upepo hutia neno;
nyuma weka themanini, uzani hukata neno."

Basi mbele hamsini. Hayafanani,
kama ndugu wa mama mbalimbali.

Kukabaki tairi.
Katana, wa timu yetu, anaapa kwa lile jembamba,
ishirini na tatu, lijazwe hadi liwe jiwe.
Mimi barabara ya Mtwapa naijua kwa meno yangu.
Jiwe hurukaruka, Katana,
na kila kuruka ni nguvu inamwagika,
mtungi kichwani kwa mtu mwenye kwikwi.
Nikachukua ishirini na nane.
Twalib akapima ringi kwanza, jicho moja kalifumba:
tairi likivimba kuliko ringi,
upepo hukwama shingoni, na pesa yote ya Burhan ni bure.
Halikuvimba.

Lipo jingine jepesi zaidi, ngozi ya yai,
nililishika, nikalirudisha, nikalishika tena.
Nikakumbuka chupa za Jumamosi usiku pale Shanzu.
Nikalirudisha.
Hatukutia tyubu. Tulitia gundi,
nyeupe, nzito, tui la kwanza,
tukatikisa, tukasikiliza likijitafutia matundu.
Presha sitini na tano. Nimeiandika kiganjani
kwa kalamu ya ofisi, hapa Kilindini,
na mteja wa makontena ameniuliza kama ni namba ya bahati.

Burhan amebaki na themanini la mbele, peke yake.
Hunipigia kila Ijumaa baada ya swala.
Deni langu limesalia mafungu mawili.

Usiku, wenzangu wakilala, nalizungusha la nyuma
gizani, nahesabu polepole hadi linyamaze.
Jana mia mbili na nne.
Leo mia mbili na kumi na moja.